Dakika Arubaini za Kwenda Hammerfest

Mashoga zangu wa hapa Shika Adabu, Likoni, mmekuja mmoja mmoja kunipa pole, na kila mmoja akishamaliza chai yake huuliza lile lile: enhe, Mwanasha, ilikuwaje huko? Nimewasimulia vipande vipande. Huyu nimemwambia theluji, yule nimemwambia samaki, na nasikia vipande hivyo vimeshaanza kuungwa kwa viungo ambavyo mimi sikuvitia. Nimeona bora niandike yote mara moja, tangu kutoka mpaka kurudi, msome kisha mniache. Habari za pasipoti na ile viza ya dharura aliyonihangaikia Arne siziandiki, maana zile zilinitosha zilipokuwa zikitendeka.

Maji ya Mama

Mdogo wangu Riziki alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya Shelly Beach, na ndiko alikokutana na Arne, mzungu mrefu, mpole, fundi wa umeme kutoka Norwei. Wakapendana. Mama akasema hapana, huyo hata kuswali hajui. Riziki akaolewa bomani, bila walii wa kumwoza, bila kuulizwa idhini ndani mbele ya shangazi zake kama mwana mwari anavyoulizwa, bila hata sahani ya halua. Arne alisilimu baadaye, na kwa niliyoyaona naamini alisilimu kwa moyo, lakini Mama alikuwa keshatamka kwamba maziwa yake hamhalalishii. Riziki akamfuata mumewe mpaka huko ncha ya dunia. Tangu hapo akipiga simu nyumbani Mama huinuka akaenda zake uani, na mimi ndiye wa kuzungumza naye na kumdanganya kuwa Mama amelala.

Miaka imekwenda hivyo. Kisha Arne akanipigia kuniambia saratani ya Riziki imerudi, na safari hii madaktari wanahesabu siku, hawahesabu wiki. Nikampelekea Mama habari. Hakusema kitu siku ile wala siku ya pili yake mpaka ikafika alasiri, nikamsikia ananiita kutoka chumbani.

"Mwanasha."

"Abee, Mama."

"Niletee maji ya kunywa kwenye bakuli."

Wenye asili ya hapa mnalijua jambo hili, lakini baadhi yenu mmetoka bara, kwa hivyo nalieleza. Kwetu mzazi akiwa na kinyongo na mwanawe, kusema nimekusamehe hakutoshi. Hutia maji kinywani akayapuliza kifuani mwa mwana, akasema yaliyomo moyoni, na kinyongo kikatoka na yale maji. Asipoweza kufika mwenyewe, humpa mdomo wake mtoto wake mkubwa akamfanyie. Mama miguu imevimba kwa sukari, hata msalani hushikwa mkono. Basi akanipulizia mimi yale maji, kanga ikanilowa, akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo.

"Nimekupa mdomo wangu," akasema. "Mwambie maziwa yangu ni halali yake, na sina kitu naye. Lakini umwambie uso kwa uso, akiwa hai, anakusikia. Radhi haiendi kwa simu."

Mzigo wangu ulikuwa huo. Sanduku lilikuwa na nguo za baridi za kuazima, mkebe wa mahamri na chupa ya achari, lakini hivyo vyote hata vingepotea njiani nisingelia.

Shika Adabu hadi Port Reitz

Mnajua mimi na kivuko hatupatani. Mpishi wa shughuli anayekaa ng'ambo ya Likoni ana adui mmoja tu duniani, nao ni ule msitari wa magari. Siku ya ile harusi ya Kisauni masufuria yangu ya biriani yalikaa kwenye foleni mpaka wali ukachacha, na mama wa bwana harusi akanitukana mbele za watu matusi ambayo sikuwa nayajua, na mimi nilidhani nayajua yote. Maji yenyewe ni ya dakika kumi, lakini nani katika sisi aliyewahi kuvuka kwa dakika kumi? Tangu siku ile niliapa kwamba palipo na nchi kavu sitapanda chombo cha majini.

Kwa hivyo nilimwambia jirani yangu Bakari, aliyejitolea kunipeleka kwa gari lake, apite Dongo Kundu. Tukapita juu ya madaraja yale mapya, kivuko tukakiacha huko na watu wake, tukatokea Port Reitz, kwenye uwanja wa ndege, hata jasho halijanitoka. Nilijiona mjanja. Bakari akasema, "Safari iliyoanza hivi, dada, itakuwa nyepesi, inshallah." Nikaitikia amin. Sasa nikikumbuka namna nilivyoiitikia ile amin naona haya.

Juu ya mawingu, na mahamri

Kutoka hapa hadi Nairobi, kutoka Nairobi hadi kwa Waarabu, kutoka kwa Waarabu hadi Oslo, sina la kuwaeleza ila kungoja. Kila kiwanja kina viti vya chuma vya kumzuia mtu asilale. Kwa Waarabu niliketi karibu na bibi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akienda kumwona mjukuu, tukawa hatuna lugha, nikampa hamri, akanipa embe kavu, tukala tukitazamana. Oslo askari alifungua mkebe wangu akanusa. Nikamwambia kwa Kizungu changu cha kuuzia chakula hotelini kwamba ni mkate wa iliki. Akanusa tena, akasema kitu kwa mwenzake, wakacheka, wakanirudishia mkebe. Nikawaza mtu akifungua biashara ya mahamri hapa, hawa wataacha kazi wote.

Njia nzima nilikuwa na hesabu moja kichwani. Arne alikuwa amenieleza kwenye simu: kutoka Oslo utapanda mpaka mji wa Tromso, halafu kutoka Tromso mpaka Hammerfest, kwetu, ni kilomita mia mbili na kitu tu kwa hewa. Ndege ni dakika arubaini. Kwa gari ni mchana kutwa, kwa sababu bahari imeingia katikati ya milima pande zote na barabara lazima izizunguke zile hori zote, na theluji ikizidi hufunga mlima. Lakini ndege, akasema, dakika arubaini.

Nikaishika ile arubaini. Kwa hesabu yangu ni kama kutoka hapa mtu akakaribia Lamu kwa hewa. Nilikuwa nimeshavuka nchi ambazo majina yake siyajui, na kilichobaki ni muda wa kupika chungu cha mbaazi. Mtu wa Likoni mzima, aliyezaliwa na kuzeekea foleni, nikasahau kwamba dakika za chombo si dakika za safari.

Tromso

Nilifika Tromso alasiri na kulikuwa na kiza. Si kiza cha mawingu, kiza cha usiku, na taa za barabarani zinawaka, na watu wanatoka kazini na watoto wanatoka shule. Jua huko wakati wa baridi halichomozi kabisa. Arne alikuwa ameniambia, nikadhani ni maneno ya kupamba. Nje upepo ulikuwa ukichukua theluji kutoka chini na kuirudisha juu. Ukutani pale penye majina ya miji, mbele ya Hammerfest kulikuwa na neno moja jekundu. Msichana wa mezani akanieleza polepole, kwa heshima, kwamba uwanja wa Hammerfest ni mfupi, uko juu ya kilima, na upepo ukiupiga ubavuni ndege haitui. Kesho asubuhi tutajaribu, akasema. Nikamuuliza kesho hakika? Akanitazama kwa huruma, akamwita abiria aliyekuwa nyuma yangu.

Nikampigia Mama. Nilikuwa nikimwambia kwa sauti, kwa sababu sasa Mama hasikii vizuri, kwamba nimefika, nimebakisha hatua, wakati mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga deki akasimama na ufagio wake mbele yangu. Alikuwa amejifunga mtandio vizuri. Nilipokata simu akanitolea salamu kwa Kiswahili, Kiswahili cha Barawa, kile kinachopanda na kushuka, lakini ndani yake mna Kisauni. Jina lake Maryamu. Vita vya Somalia viliwatoa kwao akiwa mtoto, wakakaa Utange kambini miaka, akasoma pale Kisauni, akauza maji ya barafu Kongowea, kisha wakasambazwa ulimwenguni na yeye akaangukia hapa. Jamani, kukutana na mtu anayeijua Kongowea mahali ambapo hata jua limekataa kuja! Nilimshika mikono sikumwachia. Nikampa hamri, akala amesimama, akafunga macho.

Nikamweleza yote, Riziki na Mama na maji. Hakuona ajabu, alisema kwao pia mzazi ana mambo yake. Nilimuuliza habari ya kuswali ambako hakuna alfajiri wala magharibi, akasema wao hufuata saa za Makka. Kisha akaniambia kwamba jioni ile ile kuna meli. Meli kubwa ya abiria inayopita pwani yote, inaondoka bandarini mle mjini na alfajiri inatia nanga Hammerfest. Upepo kama huu hauitishi. Akisema neno nitapata nafasi, na yeye mwenyewe atanipeleka hadi mlangoni akishatoka kazini.

Nilicheka, mashoga zangu. Wallahi nilicheka.

"Mwanangu, mimi natoka Likoni," nikamwambia. "Niache ndege ya dakika arubaini nikalale juu ya maji usiku kucha?"

"Ndege ya hapa haina dakika arubaini, dada," akasema Maryamu. "Ina upepo."

Nikamwambia maji nimeyashiba, upepo utatulia, na meli ikiharibika katikati ya ile baridi nani atanitoa? Nikamsimulia na biriani yangu ya Kisauni iliyochacha, tena nikaisimulia kwa madaha, kama ndiyo hoja ya kumshinda mtu. Yeye alicheka kwa adabu. Akasema haya, mwenye safari ni wewe, akaandika namba yake kwenye simu yangu, akarudi kwenye deki yake. Hakunisukuma. Mara nyingine natamani angenisukuma, halafu najua kwamba nisingesukumika.

Sisi tuliokwama tulipelekwa hoteli. Chakula cha jioni kulikuwa na nyama nyekundu nisiyoijua, sikuigusa kwa kuhofia nguruwe, nikala viazi na achari yangu. Ndipo nilipompigia Arne kumwuliza hali, na Riziki akaitaka simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatoka mbali kuliko hizo kilomita. Nikajua siku hazipo. Hofu ikanishika, nikaona heri niyavunje maagizo ya Mama, nikamwambia Mama kanituma, kanipa mdomo wake, nakuambia sasa hivi.

"Usiniambie kwenye simu, Dada," akasema.

"Riziki, nisikilize."

"Ukinipa leo nitakuwa sina cha kungojea. Njoo uniambie. Nakungoja."

Nikamwambia kesho asubuhi, mdogo wangu. Ni dakika arubaini.

Kwenda na kurudi

Asubuhi, na naiita asubuhi kwa kufuata saa tu, lile neno jekundu lilikuwa limeondoka. Ndege ilikuwa ndogo, ina mapanga mawili kama ya feni, na abiria wengi walikuwa wavuvi na kina mama wenye vikapu. Mwanamke wa kando yangu alikuwa akifuma soksi. Ilipopaa nilisoma kila ninachokijua, na nilipomaliza nikaanza tena. Iliturusha, ikatutupa, ikatuokota. Yule mwanamke alifuma tu.

Kisha mawingu yakapasuka kidogo chini yetu na nikauona mji. Taa zilizojipanga ukingoni mwa maji, mtaa mmoja, mtaa wa pili, na kilima cheupe. Mwanamke wa soksi akanionyesha kwa sindano yake: Hammerfest. Nikabandika uso kwenye kioo. Katika zile taa moja ni ya chumba cha nyumba yake alimolala Riziki, nikawa nachagua ni ipi. Tulishuka mpaka nikaona magari. Nikaona moshi wa mabomba ya nyumba umelala ubavu kwa upepo. Ndege ikatetemeka, ikanguruma, ikapanda tena. Ikazunguka, ikashuka mara ya pili, nikaona magari yale yale, ikapanda. Halafu rubani akasema maneno machache na watu wote wakashusha pumzi, na ile sindano ya soksi ikasimama kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza mwenzangu amesema nini. Akatafuta neno la Kizungu. "Back," akaniambia.

Nilisimama. Nikasema nishusheni, mdogo wangu yuko hapo, hapo chini, namwona. Nilisema kwa Kiswahili, mbele ya watu ambao hata mmoja hakunielewa, na wote wakainamisha macho. Msichana wa ndege akanikalisha, akanifunga mkanda, akakaa sakafuni karibu yangu ameshika goti langu mpaka Tromso. Namshukuru. Lakini sikutaka goti langu lishikwe, nilitaka kushuka.

Tulipotua nikawasha simu, na Arne akawa anapiga. Kiswahili chake amefunzwa na Riziki, ni cha pwani lakini kimekatikakatika, na siku hiyo kilikatika zaidi.

"Riziki amesikia ndege," akasema. "Ndege imepita juu ya nyumba. Amesema, Dada huyo, kafika. Amefurahi, Mwanasha. Halafu basi."

Nikamuuliza basi nini, na nilikuwa najua. Akalia kama mtoto. Nami nilikuwa nimesimama katikati ya mlango, watu na vikapu vyao wananipita kando, na mtu mmoja akaniomba radhi kwa kunigusa bega.

Sikulia. Nilikaa kwenye kiti nikahesabu. Ile meli ilikuwa imeshatia nanga Hammerfest tangu alfajiri. Ningekuwa nimeshapanda ngazi za nyumba, nimeshavua viatu, nimeshatia maji kinywani. Riziki angekuwa hai, anapumua, ananisikia. Ningepata naye asubuhi nzima. Kila nilivyoigeuza hesabu ilitoka vile vile, na ngoja ngoja ya watu wote duniani haiwezi kuumiza tumbo kama ilivyoniumiza mimi pale kwenye kile kiti.

Meli

Nilimpigia Maryamu. Hakuuliza maswali. Alikuja na begi dogo, kabadilisha zamu yake na mwenzake, akaniambia ametafuta nafasi mbili. Nikamwambia si lazima aje. Akasema, "Maiti ya mwanamke haioshwi na mtu mmoja, dada. Nani atakumiminia maji?"

Basi jioni ile nikapanda meli. Nataka niwaambie ilivyokuwa kwa sababu nimeapa kusema yote: ilikuwa nzuri. Haikuwa na foleni. Watu waliingia kwa utaratibu, chumba kilikuwa na joto, kitanda kina shuka safi. Iliondoka kwa saa yake. Iliyumba kidogo tulipopita mahali pa wazi, kisha ikaingia baina ya visiwa ikatulia kama sinia mezani. Kulikuwa na mchuzi mweupe wa samaki, haukuwa na ndimu wala pilipili lakini samaki wake alikuwa wa kuvuliwa siku ile ile, na kulikuwa na jibini ya rangi ya kahawia, tamu kama sukari iliyoungua, ambayo Maryamu alinilazimisha nile kwa sababu sikuwa nimekula tangu jana. Nilimeza. Niliichukia ile meli kwa kila kitu ilichokifanya vizuri. Nilikuwa nikiomba iharibike, jamani, isimame, ichelewe hata saa moja, nipate kusema mnaona, hata hii isingenifikisha. Ilifika alfajiri kama Maryamu alivyosema, si mapema wala si nyuma.

Maryamu hakunikumbusha hata kwa jicho kwamba aliniambia. Ningependa angenitukana.

Hammerfest

Arne alikuwa amesimama bandarini, amekonda, ndevu zimeganda barafu. Nilikuwa nimempania maneno mengi katika ile miaka, lakini nilipomwona nilimpa mkono na yeye akauinamia. Tukiwa garini akaniuliza, kwa woga, kama kile kitu nilichokileta kinahitaji kuwekwa kwenye friji. Sikumwelewa. Akasema Riziki, tangu aliposikia kwamba naja, alikuwa akiuliza kila siku, imefika? Imefika? Mama ameleta? Yeye akadhani ni dawa ya kwetu, akaondoa vyakula akaacha rafu moja ya friji tupu, safi, ikiningojea mimi. Maryamu alimweleza kwa lugha yao, naye akaendesha polepole mpaka tukafika.

Nyumba ya Riziki ni ya mbao, ya rangi ya njano. Jikoni kulikuwa na mche wa pilipili kwenye kopo dirishani, chini ya taa maalumu, na kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, imepakwa mafuta isishike kutu. Arne akasema huko nazi ikifika huwa imeoza. Riziki ameketi tu juu yake wakati mwingine, akasema, anapika hivi amekaa chini. Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu ya ile mbuzi, nilipokuwa bado hata sijamwona mwenyewe.

Tulimwosha katika chumba cha hospitali walichotupa, mimi na Maryamu. Alikuwa mwepesi. Maryamu alimimina, mimi nikaosha, kulia kabla ya kushoto, na mkono wangu ulijua kazi yake kuliko mimi mwenyewe. Tulipomaliza, kabla ya sanda, nikamwambia Maryamu naomba kikombe cha maji. Alinipa, akaenda akasimama akitazama ukuta.

Nikatia maji kinywani. Nilikaa nayo muda mrefu. Nilikuwa najua kwamba hayana kazi. Mama alisema akiwa hai, anakusikia, na mtu wa kusikia hakuwepo. Nikampulizia kifuani, maji yakatelemka ubavuni yakaingia kwenye meza ya chuma. Nikasema, maziwa ya Mama ni halali yako, na hana kitu nawe. Halafu nikasema yangu mimi, na hayo siyaandiki.

Makaburi ya huko huchimbwa kwa mashine, kwanza hutiwa moto ardhi ilainike. Waliokuja ni Wasomali wachache, Wasiria wawili, na wafanyakazi wenziwe Arne waliovua kofia katika ule upepo mpaka masikio yakawa mekundu. Mazishi yalikwisha upesi. Arne alibaki peke yake akipigapiga theluji kwa koleo ilale sawasawa, na hakuna aliyemwambia aache.

Siku nilipoondoka hali ya hewa ilikuwa shwari. Hammerfest hadi Tromso tulitumia dakika arubaini.

Nyumbani

Habari ya kifo nilimpa Mama mwenyewe kwa simu siku ile ile. Nilisema Riziki ametutoka. Saa sikusema, na yeye hakuniuliza, kwa sababu pale pale aliiweka simu chini ya mto na kina mama mkaja kumshika. Nilipofika matanga yalikuwa yamekwisha. Alingoja wageni wote waondoke, akangoja mpaka Bakari aliyenileta akamaliza chai yake akaaga. Kisha akanifanyia ishara nifunge mlango nikae kitandani kwake.

"Ulimwambia?" akaniuliza.

"Nilimwambia, Mama."

"Uso kwa uso?"

"Uso kwa uso."

Akawa anapapasa shuka kwa vidole. "Akasemaje?"

Nilikuwa na safari nzima ya kurudi ya kufikiria jibu la swali hilo, na sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia alinyamaza.

Mama akaacha kupapasa shuka. Nikaona uso wake unalegea, kidogo kidogo, mahali ambapo ulikuwa umekazwa kwa miaka. "Mwana mwari akiulizwa akinyamaza, ndiyo idhini yake," akasema. "Kakubali." Akaniomba nimgeuze upande, nikamgeuza, akalala usingizi ambao wenzangu mliokuwa mkimwuguza mnasema hamkumwona akiulala tangu niondoke.

Sasa mmesoma yote. Mama hasomi, na nyinyi nawajua midomo yenu, lakini kwa hili nawategemea. Riziki alikata roho akiamini nimefika, na Mama naye ataondoka akiamini hivyo hivyo. Mimi nilikuwa juu ya ile nyumba, nikaona magari ya mlangoni na moshi wake, nikageuzwa. Sikufika.